Shilingi Saba za Copperfield

Katika riwaya ya Charles Dickens, David Copperfield, iliyotoka kwa vipande kati ya 1849 na 1850, mtoto David anapelekwa shule ya bweni akiwa na shilingi saba mfukoni na kibao mgongoni. Kibao kinawaonya watu kwamba mtoto huyu anauma, kwa kuwa alimng'ata baba yake wa kambo siku aliyochapwa. Likizo inapokwisha wanafunzi wanarejea, na David anafikishwa mbele ya mkubwa wao, Steerforth, mvulana mzuri wa sura, mwenye akili na maneno. Steerforth anamhoji kama hakimu, kisha anatamka kwamba adhabu ile ya kibao ni ya aibu. Kwa sentensi hiyo moja David amekuwa mtu wake. Ndipo anaulizwa ana fedha kiasi gani. Ni heri unipe nikutunzie, anasema Steerforth. Usiku huo shilingi zote saba zimekwisha kugeuka keki za lozi, biskuti, matunda na mvinyo, vimetandazwa kitandani pa David kwenye mwanga wa mbalamwezi, na Steerforth ndiye anayegawa. Mwenye mali anapokea sehemu yake kwa shukrani.

Mimi huirudia sura hiyo mara kwa mara kwa sababu ukiitazama juu juu hakuna aliyeonewa ndani yake. Hakuna kofi, hakuna tusi, hakuna aliyelia. Mwalimu mkuu wa shule hiyo, Creakle, anachapa watoto kwa raha zake, na msomaji yeyote, hata wa miaka tisa, anamjua Creakle tangu anapoingia. Steerforth ni habari nyingine. Tunampenda. Dickens amehakikisha tunampenda.

Aliyepita bweni la sekondari hapa kwetu hana haja ya kuelezwa sana. Njuka anafika na tranka lake, ndani mna sukari, sabuni, madaftari na karanga alizokaangiwa na bibi. Yule wa kidato cha juu anayempiga makofi usiku anajulikana na bweni zima, na siku moja jina lake litafika kwa mwalimu wa nidhamu. Lakini yuko mwingine anayekuja taratibu, anakaa kitandani, anamwambia: dogo, mtu akikugusa, niambie mimi. Na kweli hakuna anayemgusa tena. Kuanzia hapo ufunguo wa tranka una watu wawili, na njuka atamtetea mlinzi wake mbele ya matroni, mbele ya mzazi, mbele ya mtu yeyote atakayeuliza karanga zimekwenda wapi.

Dickens haishii kwenye keki. Shuleni hapo yupo mwalimu maskini, Mell, ambaye siku ya kwanza alimpitisha David nyumbani kwa mama yake, kwenye makazi ya hisani ya wazee wasiojiweza. David anamsimulia Steerforth jambo hilo, kama mtoto anavyomsimulia ampendaye kila kitu. Siku Mell anapothubutu kumkemea Steerforth darasani, Steerforth anaitoa siri ile hadharani, anamwita ombaomba, na Mell anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Bweni linashangilia. Mmoja tu, Traddles, analia kwa ajili ya mwalimu, naye anachapwa kwa machozi yake. David anajisikia vibaya, lakini kuliko kuonekana hana raha mbele ya rafiki yake, anajikaza. Miaka inapita, wote wanakuwa watu wazima, na David mwenyewe ndiye anayempeleka Steerforth kwenye nyumba ya wavuvi waliompokea kwa mapenzi utotoni. Binti wa nyumba ile, Emily, anarubuniwa na kutoroshwa. Agnes, rafiki wa David mwenye macho, alikuwa amekwisha kumwonya waziwazi. Hakusikia.

Sasa, wapo wazazi na walimu wanaoamini kwamba kijana akisoma riwaya nzuri za zamani atawatambua walaghai na waonevu njiani, kwa kuwa amekwisha kukutana nao kitabuni. Naamini hivyo pia, ila si kwa wepesi huo. Kwani David alikuwa msomaji. Baba yake marehemu alimwachia chumba kidogo cha vitabu, Robinson Crusoe na Alfu Lela u Lela vikiwamo, naye alivisoma kana kwamba uhai wake umo humo. Tena usiku bwenini alimsimulia Steerforth hadithi za vitabu hivyo mpaka usingizi unamwelemea, kwa kuwa Steerforth alitaka kusimuliwa. Alikuwa amesheheni waovu wa kila namna kichwani, huku akimsimulia mmoja wao bila kumjua.

Dickens anatoa jibu lake mapema, kwa sentensi ambayo wasomaji wengi huipita. David anaeleza alivyokuwa akisoma: yeye alijiweka katika nafasi ya mashujaa, na nafasi zote za wabaya alimpa baba yake wa kambo, Murdstone, pamoja na dada yake. Yaani wabaya wa vitabuni walivaa sura za watu ambao tayari alikuwa akiwachukia. Hakumpa nafasi hiyo hata mara moja mtu aliyempenda. Usomaji wa namna hiyo ni burudani na ni faraja, na mtoto mwenye dhiki ana haki ya faraja. Kinga ni jambo jingine. Kumtambua adui hatuhitaji riwaya; tunamjua kwa kishindo chake. Kazi ya riwaya kubwa ni ngumu zaidi: kutuzoeza kuyahesabu matendo ya mtu tunayempenda.

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili sekondari, kitabu kilichowatibua wanafunzi wangu kuliko vyote kilikuwa Kasri ya Mwinyi Fuad cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka 1978. Hadithi yake ni ya Zanzibar kabla na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ungedhani hasira yao ingemwendea Fuad, bwana mwenye mashamba, kwa kiburi na ukatili wake. La. Hasira ilimwendea Kijakazi, mtumishi aliyemhudumia Fuad tangu kuzaliwa kwake, anayetukanwa, anayepigwa, na ambaye bado anaamini kwamba kumtumikia Mwinyi ndiyo heshima yake duniani. Mjinga, walisema. Si aondoke? Anangoja nini? Darasa lilichangamka kwa dharau.

Niliacha dharau hiyo ikae kidogo. Kisha tulirudi nyuma kwenye kurasa, tukitafuta ni wapi Kijakazi angeweza kuondoka, na angeondoka kwenda wapi, na nani alikuwa amewahi kumwambia kwamba yeye ni mtu. Tulikuta Shafi amejibu maswali hayo yote bila kuhubiri. Amemwonyesha mwanamke ambaye maisha yake yote yamepangwa na wengine, hata hisia zake za mapenzi zimepata mlango mmoja tu wa kutokea, na mlangoni amesimama Fuad. Kelele zilipungua. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida alichangia sana, hakusema neno kipindi kizima. Alipokuwa akikusanya madaftari aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anamjua Kijakazi, yuko nyumbani kwao. Sikumhoji mbele ya wenzake.

Hilo ndilo ninalolitafuta kwenye kitabu. Wengine darasani walikuwa wamempa Fuad sura ya mtu wanayemchukia, sijui mjomba gani au mwenye nyumba gani, kama David alivyofanya na Murdstone. Msichana yule alikuwa amevuka hatua moja mbele. Alimwona anayeonewa, akaona jinsi upendo wa anayeonewa unavyogeuka pingu, na akamwona mtu halisi.

Riwaya za kale zina nafuu moja juu ya mambo ya leo: hazina simu. Kijana wa sasa anarubuniwa kwa vocha, kwa ujumbe wa saa sita usiku, kwa picha aliyoituma akiamini itabaki ya watu wawili, na kwa kundi la WhatsApp la darasa ambamo mmoja anachekwa mpaka anajitoa. Vyombo ni vipya kiasi kwamba wazee huhangaika na vyombo, wakanyang'anya simu na kudhani wamemaliza. Steerforth hakuwa na simu. Alikuwa na siri ya Mell. Ukimwona akiitunza, kisha akiitoa siku inayomfaa, umeelewa picha iliyosambazwa kundini bila mtu kukufafanulia teknolojia yoyote.

Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1971, mambo yanakwenda kwa njia nyingine. Rosa anatoka Namagondo, Ukerewe, kijiji alichozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, mwalimu wa zamani aliyemezwa na pombe, anamlinda kwa fimbo. Barua moja kutoka kwa kijana aitwaye Charles inamletea Rosa kipigo ambacho hatakisahau. Zakaria tunamwona, na kila mwanafunzi huandika kwamba Zakaria ni baba katili. Sawa. Lakini mwenye faida kubwa na fimbo ya Zakaria ni mtu ambaye bado hajaingia kwenye hadithi. Rosa anapofika shuleni Mwanza hajawahi kuruhusiwa kuzungumza na mwanamume, hajawahi kukataa, hajawahi kukosea jambo dogo akarekebishwa kwa upole. Anakuja Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu mwenye cheo na maneno laini. Kazi yote ngumu Zakaria amekwisha kumfanyia. Baadaye, chuoni Morogoro, mkuu wa chuo naye anakuwa mmoja wa wanaomtumia.

Inafaa kukumbuka kwamba kitabu hiki kilipotoka kilizuiwa kusomwa mashuleni kwa kipindi, kwa madai ya kuwaharibu vijana. Kitabu kinachoonyesha hatua kwa hatua jinsi watu wazima wenye vyeo wanavyowarubuni wanafunzi kilifichwa wanafunzi wasikione. Waliokificha bila shaka walikuwa na nia njema, kama Zakaria alivyokuwa na nia njema. Baadaye kikaruhusiwa, kikasomwa, na sijasikia shule iliyoanguka kwa sababu yake.

Tangu 2016 Sheria ya Elimu ya Tanzania inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Ni adhabu nzito, na siidharau. Ila inafika mwishoni mwa hadithi. Kabla ya mimba kulikuwa na lifti ya bodaboda asubuhi ya mvua, halafu chipsi mayai, halafu nauli ya kurudi shule ambayo baba alisahau kutoa, halafu swali: kwani mimi na wewe si tunaaminiana? Hakuna sheria inayokataza chipsi. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ni wema. Ili uone unapoelekea wema huo, inabidi uzitazame hatua zote kwa mkupuo mmoja, na maisha hayatupi nafasi hiyo. Tunaishi siku moja moja, na kila siku inakuja na kisingizio chake.

Shaaban Robert alilijua hili, na Kusadikika, kitabu chake cha 1951, kimejengwa juu yake. Karama anashtakiwa na Majivuno, waziri mwenye nguvu, kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria katika nchi inayoelea angani. Majivuno ana maneno mazuri, ana cheo, ana masikio ya mfalme. Karama angeweza kujibu tusi kwa tusi. Badala yake anaomba siku sita, na katika siku sita anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa kila upande wa dunia, hata mbinguni na ardhini, wakarudi wamechakaa, na maarifa ya kuifaa nchi mikononi, na wote wakaishia gerezani.

Wanafunzi hulalamika kwamba kitabu kinajirudia. Ndiyo, na hiyo ndiyo hoja ya utetezi! Mjumbe wa kwanza akifungwa, msikilizaji anaweza kusema ilikuwa bahati mbaya, au labda Buruhani alikuwa na makosa yake. Wa pili, anaanza kukuna kichwa. Kufikia wa nne anajua kitakachotokea kabla Karama hajafungua kinywa, na hapo ndipo baraza linapokosa pa kujificha, kwa kuwa wote walikuwapo mambo hayo yalipotendeka, kila moja kwa siku yake, wakayaacha yapite. Karama hakuwaletea jambo lolote wasilolijua. Aliwapangia tu wanayoyajua kwa mfuatano. Mwandishi wa riwaya hufanya vivyo hivyo, na kijana aliyezoea kusoma mfuatano wa kurasa mia mbili anapata tabia ya kujiuliza, mtu akimkosea kwa mara ya tatu na kuomba radhi kwa mara ya tatu, hii ni siku ya ngapi.

Hapa naomba kutofautiana kidogo na mapokeo yetu ya ualimu. Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert huyo huyo, hufundishwa kama kitabu cha msamaha. Adili anawagawia ndugu zake, Hasidi na Mwivu, urithi, wanapoteza, anawagawia tena, wanapoteza, na mwisho wanamshawishi asafiri nao kisha wanamtosa baharini. Wema wa Adili unasifiwa, na unastahili. Lakini mtoto anayerudi kila wikendi kwenye nyumba ambamo ndugu anamnyanyasa hahitaji kuambiwa awe Adili. Anahitaji kuonyeshwa pia kwamba Hasidi na Mwivu waliusoma wema ule, wakaupima kina chake, wakautumia. Kitabu kinaonyesha hivyo vyote viwili. Sisi huchagua kimoja kwa sababu kinawatii wazazi.

Bwana Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya 1980, ana uso wa ucha Mungu nyumbani na mwenendo mwingine kabisa nje. Anamfungia bintiye Maimuna ndani na usiku anatoka kwenda kuwatafuta mabinti wa wenzake. Habari yake haihitaji maelezo marefu, kila mtaa unaye. Ninachotaka kusema ni jinsi anavyosomwa. Muulize mtahiniwa habari za Maksuudi, atakutajia unafiki, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, ufaafu wa anwani, na atavitaja kwa mpangilio ule ule uliomo kwenye mwongozo aliouziwa stendi. Wengi wameusoma mwongozo bila kukigusa kitabu. Mwongozo unakuambia ukurasa wa kwanza kwamba Maksuudi ni mnafiki. Basi kazi yote ya kumgundua imekwisha, hujawahi kumwamini, hujawahi kudanganyika naye, na kwa hiyo hujajifunza lolote juu ya namna unavyodanganyika. Ni sawa na kupewa jibu la hesabu bila njia. Kijana huyo atapata alama zake, na jioni hiyo hiyo atapanda pikipiki ya mtu anayemwita mchumba.

Filamu na tamthilia za redio hufanya kazi njema pia, sibishi. Riwaya inazizidi kwa muda tu: unakaa na mtu wiki nzima, unalala ukimwaza, unamtetea mezani, kisha anakuangusha.

Kuna jambo moja lililonishangaza niliposimulia kisa cha Steerforth darasani. Mvulana mmoja, kiranja mpole aliyependwa na wote, aliuliza kama Steerforth alijua anachofanya. Lilikuwa swali zuri kuliko nililoliandaa mimi. Dickens ana sehemu ambapo Steerforth, peke yake mbele ya moto, anatamani angekuwa na baba wa kumwongoza miaka ile yote. Anajijua, kwa kiasi fulani, na kujijua hakumzuii. Nilimsomea mvulana yule sehemu hiyo. Sijui alienda nayo wapi. Lakini kumkinga anayeonewa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kijana mwenye haiba na nguvu kujikuta kwenye ukurasa kabla hajampata Emily wake.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayeingia darasani na kitabu muhula huu, iache dhamira ingoje. Wape wanafunzi kitabu chenyewe, uwazuie wasiguse mwongozo mpaka wamalize. Kisha mpe kila mmoja karatasi aandike ni ukurasa gani alianza kumpenda mhusika, ni ukurasa gani alianza kumshuku, na kati ya kurasa hizo mbili alimsamehe mara ngapi. Karatasi hizo usizisome kwa sauti, wala usizipe alama. Wengine wataandika juu ya Maksuudi, na wengine, ukiwapa nafasi, wataandika juu ya mtu ambaye hayumo kitabuni. Ukimpata mmoja wa hao, usimwachie riwaya peke yake: namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure Tanzania na Kenya.